Vichwa 37, pikipiki 29: kisa cha klabu ya motokrosi iliyokuwa ikihesabu vibaya

Kisa hiki ni cha klabu moja ya motokrosi, yaani mbio za pikipiki kwenye njia ya udongo yenye vilima, katika Bonde la Ufa, Kenya. Jina la klabu, mji na watu wote nimeyaondoa, na mambo mawili matatu ambayo yangemtambulisha mtu nimeyabadilisha. Mimi nilikuwa mezani, penseli mkononi, nikihesabu mizunguko, kwa hiyo mengi niliyaona kwa macho. Yale ya fedha nilipewa na mweka hazina. Amelisoma andiko hili na kulalamika kwamba nimemwonea huruma kupita kiasi.

Klabu ilivyokuwa

Uwanja wetu ni njia ya murramu ya kilomita moja na robo hivi, pembeni mwa shamba la mkulima aliyetukodisha ekari chache ambazo ngano ilizikataa. Kuna vilima vitatu vya kurukia. Kimojawapo kina kichwa bapa, na vijana hukiita "meza". Kuna pia kona ndefu ya kushoto yenye ukingo wa udongo, na kila mvua ikinyesha ukingo huo huinuliwa upya kwa majembe.

Kabla ya 2020, Jumapili ya mashindano ilikuwa siku ya familia: pikipiki sitini na kitu, jiko la nyama, mbwa wasio na mwenyewe. Walianza wadogo wa 50cc, baba zao wakikimbia pembeni kama waliosahau kitu, kisha 65cc, 85cc, 125cc, halafu MX2 ya injini za 250 na MX1 ya 450, na mwishoni maveterani, wazee wa mchezo, ambao kelele zao zilizidi za injini zao. Tuseme ukweli, ulikuwa mchezo wa wenye nacho: watoto wa wakulima wakubwa, wafanyabiashara, wataalamu. Ng'ambo ya ua vijana wa vijiji jirani walipanga boda boda zao, wakasimama juu ya viti na kutazama bure. Huo ua tutaurudia.

Msomaji asiye wa mchezo ajue jambo moja: siku ya mashindano ina gharama zisizojali wamekuja wangapi. Ambulensi na wahudumu wake hulipwa sawa, ziwe pikipiki 60 au 6. Vivyo hivyo boza la maji la kulaza vumbi, greda ya kulainisha njia, kibali cha shirikisho la mchezo na posho ya washika bendera, wale wanaowaonya waendeshaji mtu akianguka. Wakati ule tulikodi pia vifaa vya kielektroniki vya kuhesabu mizunguko, vile vidogo vinavyofungwa kwenye kila pikipiki, na havikuwa vya bei ya mchezo.

Mteremko

Watu wakiulizwa kwa nini idadi ilishuka, hutaja korona halafu hunyamaza. Ni kweli ilianzia hapo, ila haikutuumiza kwa namna tuliyodhani. Michezo ilisimama Machi 2020. Tulipoangusha tena geti la kuanzishia mbio mwaka uliofuata, zilikuja pikipiki 41, tukajipa moyo kwamba waliosalia wako njiani. Hatukuangalia miguu ya watoto. Mtoto wa miaka minane aliyeiacha 50cc yake stoo alirudi magoti yakigonga usukani. Zamani angerithi 65cc ya mtoto wa jirani, na yule jirani angekuwa ameshapanda 85cc. Pikipiki zilizunguka ndani ya klabu kama sare ya shule inavyotoka kwa kaka kwenda kwa mdogo wake. Safari hii watoto wote walikua kwa pamoja, bila mbio, na ngazi nzima ikatakiwa kununuliwa kwa mpigo mmoja.

Shule nazo zilikuwa zikifidia muda uliopotea. Mwaka wa 2021 na 2022 mihula ilibanwa na likizo zikawa fupi. Mzazi ambaye mtoto wake yuko bweni na ana Jumapili mbili tu za kukaa naye hapendi kuzimalizia kwenye vumbi.

Kisha ikaja shilingi. Januari 2022 dola moja ilikuwa karibu shilingi 113, na Januari 2024 ikafika karibu 160. Pikipiki mpya ya 85cc, ambayo Marekani wakati huo iliuzwa karibu dola 5,000 kabla ya meli na ushuru, iliruka kutoka laki tano na nusu na ushei hadi laki nane, kwa kushuka kwa shilingi peke yake. Za mkononi zikafuata nyuma. Petroli, iliyokuwa karibu shilingi 130 kwa lita Nairobi mwanzoni mwa 2022, Oktoba 2023 ilipita 217. Kwa mbio zenyewe petroli si kitu. Inauma kwenye pikapu ya kubeba pikipiki na watu kwenda na kurudi. Na duka la matairi lililokuwa likituchapia mabango lilituambia waziwazi kwamba tangu Safari Rally irudi kwenye kalenda ya dunia mwaka 2021, bajeti yake yote inaelekea Naivasha. Hatukuweza kumlaumu. Hata sisi wenyewe tulikuwa Naivasha.

Hayo yote yalitoka nje. La kwetu wenyewe lilikuwa ada. Mwaka 2022 tulikuwa na washiriki 34 kwa ada ya shilingi 4,000, yaani 136,000, na hazikutosha. Kamati ikapandisha ada hadi 6,000. Mashindano yaliyofuata walikuja 26, na kapu likawa na 156,000. Tukapongezana. Yaliyofuata baada ya hapo walikuja 22, sawa na 132,000. Kwa hiyo tuliwafukuza watu 12 na tukaishia na pungufu ya shilingi 4,000 kuliko tulipoanza. Hakuna aliyeliona wakati ule, kwa sababu yale mashindano ya katikati yalitudanganya.

Juni 2023 kundi la MX2 lilikuwa na waendeshaji watatu. Vikombe vitatu vilikuwa vimeshachongwa majina, basi aliyeshika mkia akapanda jukwaani kupokea kikombe cha mshindi wa tatu. Alikipokea akiangalia chini, na picha ile hatukuituma popote.

Karatasi kwenye boneti

Jioni ile tulikaa chini ya hema. Kulikuwa na kambi mbili: kufunga klabu, au kutafuta mdhamini mkubwa. Katibu, mwalimu mstaafu, hakuwa kambi yoyote. Aliniuliza kama bado ninazo karatasi za mizunguko za zamani. Ninazo zote, kwenye katoni ya sabuni, nyingine zina matope, na moja ina mduara wa kikombe cha chai. Tulizitandaza juu ya boneti ya pikapu, tukazilaza kwa spana zisipeperuke, na kuanzia 2019 tukafuata namba moja baada ya nyingine. Huyu alikuwa kundi gani mara ya mwisho? Yuko wapi sasa? Mji ni mdogo. Habari za karibu kila mtu tulikuwa nazo.

Giza lilipoingia picha ilikuwa wazi. Watoto hawakuondoka wakiwa katikati ya kundi. Karibu wote waliondokea kwenye kizingiti, pale pikipiki ya zamani inapokuwa ndogo na mpya inatakiwa, hasa kutoka 65cc kwenda 85cc na kutoka 85cc kwenda 125cc. Kizingiti cha pili huangukia umri uleule mtoto anapokwenda bweni. Tulikumbuka mama mmoja aliyempigia Katibu simu mwaka uliotangulia. "Mwalimu, kijana wangu hajachoka na mbio," alisema. "Amechoka kungoja nipate laki tano."

Watu wazima walikuwa na hadithi nyingine. Hawa pikipiki walikuwa nazo. Wengi walikuwa wameuza zile za motokrosi na kununua za enduro, yaani za safari ndefu za porini, zenye taa na namba za usajili, na Jumapili walikuwa huko Suswa au njia za Magadi. Mmoja, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alitupigia hesabu bila kuficha: kuja uwanjani ni saa mbili za barabara, nusu saa ya kuendesha ukijumlisha mbio zote, na hatari ya kuvunjwa mtulinga na kijana wa miaka 17 asiye na duka la kufungua Jumatatu. Suswa anaendesha kutwa nzima.

Katibu akakusanya karatasi. "Tumekuwa tukihesabu pikipiki," akasema, "na tunazililia kana kwamba ndizo watu." Siku ile nilidhani ni maneno ya mwalimu. Maamuzi yote yaliyofuata yalitoka hapo.

Yaliyoamuliwa, na kwa nini

Yale yalikuwa mashindano ya klabu, hayakuwa raundi ya ubingwa wa taifa. Tulikuwa na nafasi ya kupinda kanuni, mradi usalama usiguswe.

Ada ilirudi 4,000, na mwendeshaji wa pili kwenye pikipiki ileile analipa nusu. Mweka hazina alipinga. Hoja ya Katibu ilikuwa kwamba huyo wa pili tulikuwa hatumpati kabisa, kwa hiyo elfu mbili zake hazijatoka mfukoni mwa klabu. Ili mizani ikubali, tulirudisha vifaa vya kuhesabia mizunguko na kazi ikawa yangu na wasaidizi watatu, kwa karatasi. Ni kazi ngumu kuliko inavyoonekana. Mvua ikinyesha, mzunguko wa tatu namba zote zinakuwa rangi moja ya tope, na unabaki kumtambua mtu kwa kofia, kwa jinsi anavyotoa goti kwenye kona, au kwa mlio. Greda ikawa inaitwa kila mashindano ya pili. Kona tuliziinua wenyewe Jumamosi. Ambulensi haikuguswa. Mweka hazina aliuliza mara moja tu, na macho aliyotupiwa yalimtosha.

Makundi ya 125cc, MX2, MX1 na veterani yaliunganishwa kwenye geti moja, kila kundi likipata matokeo yake. Wadogo wa 85cc tulikataa kuwachanganya na wakubwa, ingawa wazazi wawili walitaka. Gurudumu la nyuma la 450 linatupa mawe kama kombeo, na mtoto aliyeko nyuma hana pa kukimbilia.

Uamuzi ambao haukugharimu hata shilingi ulikuwa ratiba. Zamani tulipanga mbio kwa ukubwa wa injini, kuanzia wadogo. Sasa tulipanga kwa kuangalia nani anashiriki pikipiki na nani, tukiacha angalau dakika 40 kati ya mbio zao, injini ipoe, cheni ikazwe, tope lipanguswe. Wadogo wa 85cc tuliwagawa makundi mawili kwa umri, ili pikipiki moja iweze kukimbia mara mbili. Usiku wa Jumamosi nilikaa na orodha nikiipangua na kuipanga kama mtu anayegawa viti kwenye harusi ya mwanamume mwenye wake wawili.

Klabu ilinunua 85cc mbili za mkononi, za injini ya mipigo miwili, kutoka kwa familia zilizokuwa zikihama. Mtoto anazikodi kwa siku, na fundi wa klabu ndiye anayezihifadhi kwake.

Kwa watu wa enduro tulianzisha mbio za muda wa saa mbili, kwa jozi: watu wawili, pikipiki moja, wanapokezana kwenye duara la kilomita kadhaa linalopita shambani na kugusa sehemu tu ya uwanja.

La mwisho lilikuwa wazo la vijana wa kamati, kundi la boda boda. Wale wa ng'ambo ya ua waingie ndani. Hili lina sehemu yake hapa chini.

Jeti ndogo kuliko punje ya mahindi

Pikipiki ya kwanza ya klabu karibu ituharibie mpango mzima. Ilikuwa imetoka Uingereza, na kabureta yake ilipimwa kwa hewa ya nchi ya chini. Sisi tuko karibu mita 2,000 juu ya bahari, na hewa yetu ni nyepesi kwa kama moja ya tano, kwa hiyo injini ilikuwa inanyweshwa petroli kuliko hewa iliyopo ya kuichoma. Binti wa miaka 12, aliyekuwa wa kwanza kukodi, aliisukuma nje ya uwanja mara mbili kabla ya saa nne asubuhi. Moshi mweupe, mlio wa kukaba koo, kisha kimya. Mara ya pili alivua kofia na kuketi juu yake, mgongo kwetu.

Fundi alikuja na miwani yake iliyofungwa kwa kamba ya kiatu. Akachomoa plagi: nyeusi, imelowa. Akafungua bakuli la chini ya kabureta, akatoa jeti kuu, kidude cha shaba chenye tundu la kupimia petroli, kidogo kuliko punje ya mahindi, akakitazama kwa kukielekeza juani. Mfukoni alikuwa na kopo la filamu za kamera limejaa jeti. Akachagua yenye tundu dogo zaidi, akaifunga, akapiga kiki. Mlio ulinyooka. Baada ya mizunguko minne alichomoa plagi tena na kumwonyesha binti, imekuwa kahawia ya biskuti. "Rangi hii," akamwambia, "usikubali nyingine."

Pikipiki ya pili ilikufa kwa sababu rahisi zaidi. Baba mmoja, kwa nia njema kabisa, alijaza petroli kutoka kituoni bila kuchanganya oili. Injini ya mipigo miwili haina oili nyingine ya kulainishia pistoni zaidi ya ile iliyo ndani ya petroli yenyewe. Iligandama kabla ya kumaliza mzunguko wa pili. Tangu siku hiyo pikipiki za klabu hunywa kutoka mtungi mmoja tu, uliopakwa rangi nyekundu, na mtungi huo haukai mbali na Fundi.

Boda boda: uamuzi ulioumiza

Tangazo tulilibandika stejini, pale boda boda zinapongojea abiria, ada shilingi 300. Walijiandikisha 14, na siku yenyewe umati ulikuja ambao klabu haijawahi kuuona. Kila steji ilileta mashabiki wake. Kwa nusu saa kamati ilitembea kifua mbele.

Tuliwapitisha njia nzima, pamoja na vilima. Tuliwaambia kwa kipaza sauti kwamba si lazima kuruka, unaweza kupunguza mwendo na kupita juu ya kilima taratibu. Kumwambia hivyo kijana mbele ya steji yake nzima ni kazi bure. Mzunguko wa pili kijana mmoja alimfuata kiongozi kwenye "meza" kwa kasi ileile. Kiongozi alikuwa mwepesi na mwenye bahati. Huyu wa pili alitua kwa gurudumu la mbele, na shoka za mbele, yaani springi za kumeza mtikisiko, zilizotengenezwa kubeba gunia la viazi na abiria wawili kwenye barabara mbovu zikapinda kama kijiko. Bendera za njano zikapepea, ambulensi ikaingia. Yeye aliteguka kifundo cha mkono, basi. Tukashusha pumzi.

Tuliishusha mapema. Jumatano alikuja nyumbani kwa Katibu, mkono kwenye bandeji, shoka moja iliyopinda ameibeba kwapani imefungwa gazeti. "Mwalimu, sikuja kudai," alisema. "Nimekuja kukuonyesha." Pikipiki ilikuwa ya mkopo. Kila siku ina malipo yake, iwe imetembea au imelala, na mkataba haukutaja mashindano popote. Bima ya siku tuliyomkatia ilikuwa ya mwili wake, haikuwa ya pikipiki. Siku tatu zilikuwa zimepita bila kazi.

Kamati ilikesha ikibishana. Upande mmoja: alijaza fomu, alikubali hatari, tukimlipa huyu kesho watakuja kumi. Upande wa pili: fomu ilikuwa ya Kiingereza, kurasa mbili, na hakuna hata mmoja wetu aliyemsomea. Hoja hiyo ndiyo iliyoshinda. Tulichanga, zikanunuliwa shoka na gurudumu, na malipo ya mkopo ya wiki mbili yakalipwa. Fedha zilitoka mifukoni mwa wanakamati. Kapu la klabu halikuguswa, ili isiwe kanuni.

Mashindano yaliyofuata fomu ilikuwa ya Kiswahili, ukurasa mmoja, inasomwa kwa sauti. Njia ya boda boda ilikatwa izunguke vilima vyote. Mwenye pikipiki ya mkopo au ya tajiri hakuruhusiwa bila barua ya mwenye mali. Vikinga kifua na magoti vilitolewa na klabu. Walijiandikisha sita. Umati haukurudi kama mwanzo. Bila kuruka, wengi walisema, hiyo ni safari ya kwenda sokoni.

Matokeo

Julai 2024 tulihesabu vichwa 37 na pikipiki 29. Sita walikuwa wa boda boda. Wale 31 waliobaki walikuja na pikipiki 23, nane kati yake zikikimbia mara mbili. Kwenye hizo nane kulikuwa na ndugu, binamu, na familia mbili ambazo mwaka mmoja nyuma hazikuwa zikisalimiana.

Fedha: 92,000 kutoka kwa wenye ada kamili, 16,000 kutoka kwa wa nusu, 1,800 za boda boda. Jumla ni pungufu kuliko zile 132,000 za siku ya waendeshaji 22. Lakini gharama zilikuwa zimeshuka zaidi ya hapo, na kantini, ambayo hulishwa na vichwa bila kujali pikipiki, ilifunika pengo lililobaki.

Waendeshaji wenyewe walikuwa wamebadilika hata pale ambapo kamati haikugusa. Vijana wanne waliachana na 250 za mipigo minne wakarudi kwenye mipigo miwili. Fundi alikuwa akiwahubiria miaka mingi. Kufungua kichwa cha injini ya mipigo miwili, kubadili pistoni, ringi na gasketi ni kazi ya mchana mmoja na spea chache. Ya mipigo minne ina valvu, kemshafti na cheni yake, na ikipasuka injini ikizunguka kwa kasi ya juu inaondoka na nusu ya bei ya pikipiki. Wengine wawili walianza kuvuka Malaba kwenda kushindana Uganda, kwenye viwanja vya Busiika na Garuga, wakisafirisha pikipiki zao kwenye pikapu moja na kugawana mafuta.

Mbio za saa mbili zilivuta watu wa Suswa kwa wingi kuliko tulivyotarajia. Hakuna hata mmoja wao aliyerudi kwenye motokrosi ya kawaida.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi kuliko vyote ni ratiba, na ilikuwa bure. Tungeipanga hivyo hata mwaka 2021 kama tungeuliza familia zinagawana nini. Hatukuuliza kwa sababu picha ya mshiriki vichwani mwetu ilikuwa mtu na pikipiki yake, na fomu yetu ya kujiandikisha ilikuwa na nafasi ya namba ya chasisi kabla ya nafasi ya jina. Nilipoligundua hilo niliona haya, maana fomu niliichora mimi.

Pikipiki za klabu zilifaulu kwa sababu ya Fundi. Kama tungenunua zilezile tukaziacha mikononi mwa wazazi, zote mbili zingekuwa chuma chakavu ndani ya mwezi. Klabu nyingine ilipotuuliza tulinunua za aina gani, nilijibu waanze na mtu mwenye kopo la jeti. Walidhani natania.

Kosa la ada nililieleza. Nitaongeza kwamba tatizo halikuwa kupandisha tu. Tulipandisha bila kumpigia simu hata mmoja wa wale wanane wa kwanza kutokuja. Simu nane zingetuambia yote tuliyosubiri mwaka mzima kuyasoma kwenye boneti.

Kuunganisha makundi ya wakubwa kuliokoa muda lakini kulitugharimu maveterani wawili. Mmoja alipitwa ndani ya kona ya kwanza, akaguswa kiwiko, akaenda moja kwa moja kwenye gari lake. Baada ya hapo ndipo tulipoanza kuwaachia maveterani geti sekunde 30 baadaye. Ilipaswa kuwa hivyo tangu siku ya kwanza, na washika bendera walikuwa wamesema.

Kuhusu boda boda, makosa yalikuwa yetu, nayo hayakuanzia kwenye "meza". Tuliona pikipiki na kijana hodari tukadhani ni mwenzetu mwenye pikipiki ya bei nafuu. Ya kwetu ikivunjika tunakosa mbio. Ya kwake ni duka, na tulimwalika alirushe hewani kwa shilingi 300. Njia iliyokatwa iliondoa hatari na ikaondoa pia sababu ya watu kuja, na sidhani kundi lile litadumu. Kilichobaki hatukukipanga: vijana watano kati ya wale 14 sasa ni washika bendera wetu, kwa posho, na ndio bora tuliowahi kuwa nao, kwa sababu wanasoma mwendo wa pikipiki kabla haijaanguka. Yule wa shoka iliyopinda ndiye anayesimama kwenye "meza".

Mbio za saa mbili kamati iliziandika chini ya "hazikufaulu", kwa kuwa hazikurudisha mtu motokrosi. Hapo natofautiana nao. Watu wale walilipa, walikula, na wawili walijitolea kuinua kona na majembe yao wenyewe. Kama lengo ni kuwarudisha kwenye geti, basi tulishindwa. Ila sijui ni nani aliyetuambia kwamba geti ndilo lengo.

Kizingiti cha pili bado kiko palepale. Klabu haina 125cc, na ile ya bei nzuri tuliyoahidiwa iliuzwa kwingine tukiwa bado tunachanga. Desemba nilimtazama yule binti wa plagi ya kahawia akiwa amekaa kwenye 85cc akisubiri geti. Visigino vyake vyote viwili vilikuwa chini, bapa, na magoti yamejikunja. Mweka hazina alikuwa kando yangu na aliona nilichoona. Hakusema kitu hadi mbio zilipokwisha. Kisha akaniomba ile katoni ya sabuni, zile karatasi za 2019 za kundi la 125cc: ni nani waliokuwa nazo, na ziko stoo ya nani.